Barabara ya Kibumba: kutembelea mahali pa watu waliofukuzwa



Vijana wa parokia zetu, na mara nyingine wageni wa makanisa rafiki, wametuuliza kama hapa Kivu ya Kaskazini kuna mahali pa kwenda kuona na kujifunza habari za watu waliohamishwa kwa nguvu. Wanajua Gisozi kule Kigali, palipozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Pale mgeni anapokelewa, anaongozwa, anasoma majina ukutani. Goma hatuna nyumba kama hiyo. Tunayo barabara. Inatoka mjini, inapita kando ya uwanja wa ndege, inapanda kuelekea Rutshuru, na katika kilomita zake 30 za kwanza ni vigumu kupata kijiji ambacho hakijapokea wakimbizi au kutoa wakimbizi. Vingi vimefanya yote mawili.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wale wanaotaka kuipanda barabara hiyo hadi Kibumba wakijua wanachokitazama. Bila kuambiwa, mtu ataona mawe meusi, mashamba ya viazi na watoto wenye bidoni za maji, kisha atarudi Goma akidhani ameona mandhari tu.

Kibumba ni wapi

Kibumba iko katika teritware ya Nyiragongo, usultani wa Bukumu, karibu kilomita 25 kaskazini ya Goma. Upande wa magharibi ni volkano ya Nyiragongo. Upande wa mashariki mpaka wa Rwanda uko karibu sana. Kaskazini na pande zote mbili iko Hifadhi ya Virunga, pamoja na mlima Mikeno wenye sokwe. Watu wanaishi katikati ya hayo yote, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi nzuri sana ya volkano. Wanalima viazi, maharagwe, kabichi, karoti na vitunguu vya majani. Sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa Goma hushuka kutoka huku, na kwa miaka mingi zimeshuka juu ya chukudu, baiskeli zetu za mti zisizo na pedali, kijana mmoja akiwa amepakia mifuko inayomzidi kimo.

Mgeni akija msimu wa mvua atavaa koti. Na atashangaa kwamba mahali penye mvua nyingi hivi hakuna mto. Jiwe la volkano limejaa matundu, maji yanazama mara moja. Watu wanakinga mvua kwenye mabati au wananunua maji. Tafadhali mshike jambo hili la maji, tutarudi kwake.

Kufukuzwa kwa kwanza ambako ardhi ya eneo hili inakumbuka hakukuletwa na vita. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme Albert I wa Ubelgiji alitia sahihi dekreti ya kuanzisha hifadhi iliyopewa jina lake, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika. Ilianza kama eneo dogo la kulinda sokwe kwenye volkano hizi, kisha ikapanuliwa mwaka 1929 na miaka ya 1930 hadi ikafika upande wa pili wa ziwa Edouard. Watu waliokuwa wakilima, wakifuga na kuvua ndani ya mipaka hiyo walitolewa. Walioamua walikuwa Brussels, na wengi wao hawakuwa wameona shamba hata moja la huku. Jina lilibadilishwa kuwa Virunga mwaka 1969, na mwaka 1979 hifadhi iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mipaka ilibaki, na mabishano juu yake pia. Hatuandiki haya kuisema vibaya kazi ya kulinda msitu. Walinzi wengi wa hifadhi wameuawa kazini, na baadhi yao wameacha wajane katika makanisa yetu. Lakini mzee wa Kibumba akikuonyesha mpaka wa hifadhi kwa kidole, ujue kwamba kwake ule mpaka nao ni kumbukumbu ya kufukuzwa.

Kutoka Goma kupanda

Ukitoka mjini, kwanza utakutana na lava. Ile iliyoingia Goma ni ya tarehe 17 Januari 2002. Mamia ya maelfu walikimbia usiku, wengi wakielekea Gisenyi. Ile unayoivuka ukiacha mji, upande wa Buhene, ni ya tarehe 22 Mei 2021. Ilikata barabara hii kabisa, na kwa siku kadhaa watu walipita juu yake kwa miguu ikiwa bado inatoa moshi. Volkano haibagui kabila, na pengine ndiyo sababu watu wanazungumza juu yake bila kushusha sauti.

Munigi inafuata. Ni hapa, mwezi Julai 1994, kipindupindu kilipoanza kuua kwa wingi kabla ya watu kusogezwa mbele kwenye kambi kubwa. Leo ni mtaa wenye nyumba na maduka.

Kanyaruchinya ni jina ambalo kila mkristo wa Goma analijua, kwa sababu makanisa yetu yamepeleka huko nguo, unga na sabuni mara nyingi. Mwaka 2012 palikuwa na kambi ya waliokimbia vita vya Rutshuru. Mwezi Novemba mwaka huo mapigano yaliposhuka ilikwisha tupu kwa siku moja au mbili. Mwaka 2022 kambi ilirudi mahali palepale, na safari hii wengi waliokaa chini ya shitingi walikuwa watu wa Kibumba wenyewe. Kufikia katikati ya Februari 2025, baada ya M23 kuuchukua mji wa Goma, kambi nyingi za kuzunguka mji zilikuwa zimebomolewa na watu wameambiwa warudi walikotoka. Ukipita sasa utaona mawe yaliyopangwa duara na mistari ya udongo mgumu. Hayo ni mabaki ya vibanda. Mvua chache zaidi na hayataonekana.

Kibati ni mahali watalii walipokuwa wakianzia kupanda Nyiragongo. Mwishoni mwa Oktoba 2008, waasi wa CNDP waliposonga mbele, makumi ya maelfu ya watu walijaa hapa wakitoka Kibumba na Rugari.

Mbele kidogo ni Trois Antennes. Tarehe 22 Februari 2021 waliuawa hapo balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva Mkongo wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, Mustapha Milambo. Walikuwa wakienda Rutshuru kuona mpango wa chakula cha watoto shuleni. Tumesikia wengi wakisema "pale alipouawa balozi". Tukipita hapo sisi tunataja majina yote matatu, na la dereva tunalitaja kwanza.

Kambi ya mwaka 1994

Tunafika Kibumba, na hapa inafaa kusimama kwa muda mrefu.

Katikati ya Julai 1994, Goma ilipokea Wanyarwanda wengi kiasi kwamba hesabu yenyewe haijakubaliwa hadi leo. Wengine wanasema 500,000, wengine 850,000, na waandishi wa wakati ule waliandika milioni moja. Wote hao waliingia kwa siku nne au tano. Serikali iliyokuwa imepanga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilikuwa imeshindwa vita, na ilikimbia pamoja na jeshi lake, Interahamwe wake, na umati wa watu wa kawaida waliokuwa wameambiwa kwamba wakibaki watauawa. Mji haukuweza kuwabeba. Wakapandishwa kaskazini, Kibumba, Kahindo na Katale, na wengine wakapelekwa magharibi, Mugunga.

Kibumba ilipata karibu watu 200,000. Hebu tufikiri: kijiji cha wakulima wa viazi, mahali pasipo na mto, kinaamka asubuhi kimekuwa mji mkubwa kuliko miji mingi ya jimbo. Maji yote yalipaswa kuletwa na malori kutoka chini. Siku za kwanza watu wengi hawakupata hata lita moja kwa siku. Tarehe 20 Julai maabara ilithibitisha kwamba ugonjwa ulikuwa kipindupindu, na nyuma yake kikaja kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa karibu watu 50,000 katika kambi zote za Goma.

Na hapa ndipo ardhi ya Kibumba ilipofanya msiba kuwa mkubwa zaidi. Jiwe lile halichimbiki kwa jembe. Hapakuwezekana kuchimba vyoo, hapakuwezekana kuchimba makaburi. Familia ziliwafunga wafu wao katika mikeka na kuwalaza kando ya barabara, hii hii tunayoipita na matatu, wakingoja lori lipite kuwachukua. Wanajeshi wa Ufaransa walifungua mashimo makubwa kwa mashine, na miili iliwekwa humo kwa mamia. Hakuna aliyeandika majina, na nani angeandika? Mara nyingi aliyemleta marehemu barabarani alikuwa naye mgonjwa.

Washarika wazee wa upande huu wanakumbuka harufu, na wanakumbuka ukimya wa watoto. Wanakumbuka pia mambo madogo: kwamba migomba ilikatwa ikaisha, kwamba viazi vilichimbwa usiku kabla havijakomaa, kwamba kuna familia za Kibumba zilizochukua mtoto aliyeachwa na kumlea. Msitu wa Virunga uliteketea kwa kuni za kupikia, na mwaka huohuo wa 1994 UNESCO iliiweka hifadhi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuhusu wenyeji waliokula hasara ya mashamba yao, tumekuta kurasa chache sana.

Dunia ya misaada ilijifunza kitu Goma, lazima tuseme ukweli. Aibu ya mwaka ule ilikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya mashirika yakae pamoja mwaka 1997 na kuanza kuandika vipimo ambavyo leo vinafuatwa kila mahali. Mojawapo ni kwamba mkimbizi apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Ukiona leo shirika lolote likihesabu maji kwa kichwa, fahamu kwamba baadhi ya hesabu hiyo ilianzia juu ya mawe ya Kibumba na wenzake.

Kambi haikuwa mahali pa wasio na hatia peke yao. Waliopanga mauaji waliendelea kutawala ndani yake. Waligawa chakula, walitisha waliotaka kurudi nyumbani, na baadhi ya waliojaribu kurudi waliuawa. Mwezi Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka likisema haliwezi kuwalisha wauaji. Mashirika mengine yalibaki yakisema haliwezekani pia kuwaacha watoto wafe. Tumelijadili swali hilo sisi kwa sisi katika semina zaidi ya moja, na hatukuwahi kulimaliza.

Jinsi kambi ilivyokwisha

Mwezi Agosti 1995 askari wa Zaire waliwasukuma kwa nguvu zaidi ya wakimbizi 10,000 kurudi Rwanda, kisha wakaacha. Mwaka mmoja baadaye vita vilianza. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1996 kambi ya Kibumba ilipigwa kwa mabomu na risasi, na karibu watu wote waliokuwamo, zaidi ya 190,000, walikimbia kwa miguu kuelekea Mugunga. Asubuhi yake hapakuwa na kambi. Tarehe 15 Novemba Mugunga nayo ilifunguka, na mamia ya maelfu wakapita katikati ya Goma kurudi Rwanda kwa siku chache. Wengine waliingia msituni kuelekea Walikale na Kisangani. Wengi wa hao hawakufika popote.

Wakati huohuo watu walikuwa wakifukuzwa kwa upande mwingine pia. Watutsi Wakongo wa Masisi na Rutshuru, majirani na washarika wetu, walivuka mpaka mwaka 1995 na 1996 wakikimbia kuuawa. Kambi yao ya Mudende, ng'ambo ya mpaka, ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997 na mamia wakauawa humo. Waliobaki walihamishiwa Gihembe, na kuna watoto waliozaliwa pale wakakua, wakaoa, na hawajaiona Masisi kwa macho yao. Tunaliandika hapa, katikati ya habari za Kibumba, kwa sababu tumeona safari za kumbukumbu zinazochagua. Kundi moja linaonyeshwa makaburi ya upande mmoja, kundi lingine ya upande mwingine, na wote wanarudi wakiwa na hasira kuliko walivyokwenda.

Wenyeji wanakuwa wakimbizi

Watu wa Kibumba waliokaribisha mwaka 1994 wamekimbia mwaka 2008. Wamekimbia mwaka 2012, M23 walipopita kwenda kuchukua Goma, na wamepigwa na mapigano tena Oktoba 2013 jeshi lilipopachukua tena. Wamekimbia Novemba 2022. Tarehe 23 Desemba mwaka ule palifanyika sherehe hapohapo Kibumba, M23 wakisema wanakikabidhi kijiji kwa jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watu wakiwa bado Kanyaruchinya chini ya shitingi wakisikiliza habari hizo kwenye redio. Wengi walirudi mwaka 2025, wakakuta nyumba bila mabati na mashamba yaliyogeuka pori.

Kuna jambo lililotugusa. Miaka ya karibuni, kabla ya vita hivi vya mwisho, hifadhi ilikuwa imejenga Kibumba kambi ya mahema mazuri ya watalii, chini ya Mikeno. Mtu aliweza kulala humo akiangalia mlima, kwa bei ambayo mkulima wa hapo haipati kwa miezi mingi. Neno ni lilelile, kambi. Hatulaumu, kazi zilipatikana na vijana walifurahi. Lakini mama mmoja wa kanisa alicheka sana tulipomwambia kwamba kuna watu wanalipa ili walale kambini.

Kwa nini hakuna kibao

Ukiuliza Kibumba kaburi la mwaka 1994 liko wapi, utaonyeshwa kwa mkono. Pale, na pale, na chini ya ile mikaratusi. Juu yake kuna maharagwe. Hakuna kibao, hakuna ukuta, hakuna hata msalaba wa mti.

Tumefikiri juu ya jambo hili tukilinganisha na barabara nyingine, ya mbali sana, kule Marekani. Wacherokee walikuwa taifa lenye mashamba, katiba iliyoandikwa, na gazeti la lugha yao lililoanza kuchapishwa mwaka 1828 katika mji wao mkuu wa New Echota, katika Georgia. Mwaka 1830 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa asili kwenda ng'ambo ya mto Mississippi. Mmisionari Samuel Worcester, aliyekuwa akitafsiri Maandiko katika Kicherokee, alikataa kula kiapo kwa serikali ya Georgia, akafungwa gerezani. Mwaka 1832 mahakama kuu ya nchi ilisema sheria ile ya Georgia haikuwa na nguvu juu ya Wacherokee, lakini hukumu haikuwalinda. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani na kuwafungia ndani ya maboma, kisha karibu 16,000 wakapelekwa hadi Oklahoma ya leo, wengi wakitembea wakati wa baridi kali. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Wachungaji wawili Wabaptisti, Evan Jones na Jesse Bushyhead ambaye mwenyewe alikuwa Mcherokee, walisafiri pamoja na watu wao wakisaidia kuongoza makundi.

Leo nyumba ya Worcester bado imesimama New Echota na wageni wanaingia. Njia yote imewekwa vibao kando ya barabara, kwa sababu mwaka 1987 bunge lilelile liliitangaza kuwa njia ya kihistoria ya taifa. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 150 ilipita kati ya mwendo na kibao. Sisi tuna miaka 30 na kidogo. Tena Wacherokee wanajua aliyewafukuza ni nani na waliofukuzwa ni nani. Kibumba ni vigumu zaidi. Kibao kikiwekwa juu ya kaburi la mwaka 1994, kiandikwe nini? Kwamba hapa wamelala wakimbizi? Manusura wa Rwanda atauliza kama aliyemwua mama yake yumo. Kwamba hapa wamelala wauaji? Shimo lile lina watoto wa miaka miwili pia.

Tuliposoma 2 Samweli 21 pamoja na wamama wa kwaya tulikaa hapo muda mrefu. Nyumba ya Sauli ilikuwa na damu juu yake, kwa kuwa aliwaua Wagibeoni. Wanaume saba wa nyumba hiyo walitundikwa. Na Rispa, mama wa wawili kati yao, akatandika gunia juu ya mwamba akakaa, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ikanyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakusema kwamba Sauli hakukosa. Hakubishana na Wagibeoni. Alikaa tu na wafu mpaka mfalme aliposikia, akakusanya mifupa, akaizika. Mama mmoja alisema mwamba ule lazima ulikuwa kama wa kwetu.

Sisi tunaona kwamba makanisa ya Nyiragongo yangeweza kuanza na hatua hiyo ya Rispa, kabla ya kibao chochote. Yaani kujua mashimo yako wapi, kuwauliza wazee waliobaki wakiwa bado hai, kuandika wanachokumbuka, na kuitunza karatasi hiyo mahali salama katika parokia. Waliokuwa na miaka 40 mwaka 1994 wamepita 70 sasa, na kila vita vinawatawanya tena.

Ukitaka kwenda

Usiende bila kuuliza hali ya barabara asubuhi ileile, kwa watu wanaoishi juu na si kwa watu wa mjini. Ikiwa wanasita kujibu, hilo ni jibu. Peleka barua ya kanisa kwa chefu, uende kumsalimu kabla ya kwenda kokote. Usipige picha za watu, wala za askari wa upande wowote. Ukiona mfupa shambani, na hutokea mvua ikichimbua, usiuokote wala kuusogeza. Mwite mwenye shamba.

Msiende na kundi kubwa. Kumi wanatosha. Chagueni watu wa makabila tofauti kwa makusudi, na kama hamwezi kuwapata katika parokia yenu, basi anzeni na swali hilo kwanza na safari isubiri. Watoto wa Shule ya Jumapili walio chini ya miaka 12 wabaki nyumbani. Atakayesimulia awe mtu wa Kibumba, na mchungaji wa mjini anyamaze; tunajisema sisi wenyewe, maana tumewahi kuhubiri pale ambapo tungesikiliza tu. Wimbo mmoja unatosha. Nunueni viazi na kabichi kwa wamama wa barabarani, na msipunguze bei.

Chukueni koti. Na bebeni maji yenu, mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji, msiombe maji katika nyumba za watu. Mwenyeji hatawanyima. Lakini bidoni atakayoifungua huenda ndiyo ya mwisho mpaka mvua inyeshe.